Fundi kaizima taa, ubovu kauacha: sensa ya breki iliyolegea ilivyotuponza hapa Malindi

Waungwana, nina hasira na sitaificha. Nilikusudia kulala kwanza niandike kesho nikiwa nimetulia, nimeshindwa.

Mwezi wa nane nilipeleka gari letu la nyumbani gereji moja hapa Malindi libadilishwe pedi za breki za mbele. Ni gari la Kijerumani, lililotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Ndilo linalopeleka watoto wangu watatu shule, na ndilo linalompeleka mavyaa wangu kliniki Kilifi kila mwezi. Nikalipia pedi, nikalipia kazi, nikaenda zangu.

Siku ya pili nikaanza kusikia tik, tik, tik upande wa kushoto mbele. Ukipita pole kwenye njia nyembamba, sauti inagonga ukuta na kukurudia sikioni. Ukikanyaga mafuta inaharakisha, ukisimama nayo inasimama. Yaani inakwenda na gurudumu. Wiki haijesha, niko kwenye matuta ya Gede, taa ya breki ikawaka: ule mduara wenye vipande vipande vya mstari pembeni.

Nikarudi pale pale. Fundi akaniambia, "Mama, hizi gari za Ulaya taa zake ni usumbufu tu. Pedi si nimekuwekea mpya? Usijali." Akapiga jeki, akashughulika kama dakika ishirini, taa ikazimika na ile tik tik ikapotea. Akanitoza tena. Nikamwambia ahsante fundi. Ile ahsante inaniuma mpaka sasa.

Jumamosi iliyopita tunatoka Kilifi na mavyaa, watoto nyuma, tairi hiyo hiyo ya mbele kushoto ikapata pancha tukikaribia Gede. Kijana wa pancha akafungua gurudumu, akanyamaza kidogo, kisha akaniita. "Mama, njoo uangalie mwenyewe. Huu waya nani kaufunga hivi?"

Nikachutama. Sensa haipo. Waya umekatwa, ncha zake mbili zimesokotwa pamoja, zikazungushwa tepu nyeusi ya umeme, halafu zikafungwa kwenye shokomzoba kwa kamba ya plastiki. Kijana akageuza lile gurudumu akanionyesha upande wa ndani wa rimu: mchubuko mwembamba wa mviringo, umezunguka rimu yote. Hapo ndipo nilipoielewa ile tik tik ya mwezi wa nane.

Kwa wasioijua, sensa hii ni kijiplastiki kidogo chenye kitanzi cha waya ndani. Kinachomekwa kwenye pedi ya ndani, kikabanwa na klipu yake. Pedi ikilika hadi ikawa nyembamba, diski inakifikia kile kijiplastiki, inakisaga, waya unakatika na taa inawaka. Hakuna komputa ya ajabu hapo, ni waya mzima au waya uliokatika. Sasa plastiki hiyo huchomwa na joto la breki miaka yote, ikawa kavu. Ukiichomoa kwenye pedi kuukuu mara nyingi klipu inavunjika, ndiyo maana kawaida sensa hununuliwa mpya pamoja na pedi. Huyu bwana aliirudisha ile ya zamani, haikukaa, ikabaki inaning'inia na kugongwa na rimu kila mzunguko mpaka waya ukakatika. Taa ilisema kweli! Ilikuwa inaniambia kuna kitu kimelegea. Yeye akaikata ulimi.

Na kibaya zaidi ni pedi zenyewe. Nilizipima kwa rula ya shule ya mwanangu. Ya nje, milimita nane. Ya ndani, milimita mbili! Pini za kalipa, kile chuma kinachobana pedi mbili kwenye diski, zimeshika kutu, na nani asiyejua chumvi ya bahari yetu inavyokula chuma? Pini zikikwama kalipa haitelezi, basi pedi ya ndani inalika peke yake huku ya nje inapendeza macho. Ukichungulia kupitia matundu ya rimu utaona pedi nene ukaridhika. Sensa imewekwa upande wa ndani kwa sababu huko hakuonekani. Desemba tulikwenda nalo Mombasa, karibu kilomita 120, gari limejaa watu, tukateremka daraja la Kilifi nyuma ya lori. Nikifikiria hilo mikono inatetemeka.

Nikampigia simu. Unajua alinijibu nini? "Mama, wewe ulilalamikia taa. Taa si ilizimika?"

Basi nawaomba, mwenye gari la namna hii alikague leo. Liegeshe pahali tambarare, kata usukani mpaka mwisho, chukua tochi uufuate waya kutoka kwenye kalipa hadi kwenye plagi yake. BMW nyingi zina sensa mbili tu, mbele kushoto na nyuma kulia, usihangaike na magurudumu yote manne. Sensa nzima imekaa ndani ya pedi haichezi. Ukiigusa ikaning'inia, imelegea. Ukiona tepu, fundo, au waya uliochubuka unang'aa shaba, kuna mtu amekudanganya. Na kwa gari lenye kitanzi kama langu, ichomoe ile plagi kisha uwashe swichi: taa lazima ije. Isipokuja, nyaya zimeunganishwa mahali pengine. Lakini usikimbilie kulaumu pedi kila taa nyekundu ikiwaka, mafuta ya breki yakipungua nayo huwasha taa yake. Wenye gari nyingi za Kijapani, kama Probox, ninyi pedi zenu zina kibati kinachopiga kelele diskini, hakina waya wa kukatwa.

Gari nimeliacha kwa yule kijana, tukarudi Malindi kwa matatu, mavyaa kashika fimbo yake hasemi neno. Jina la gereji sitaliandika kabla sijaonana na mwenyewe uso kwa uso. Nataka pesa zangu za mara zote mbili, pedi, sensa mpya, na pini zisafishwe na kupakwa grisi. Kama kuna aliyefanyiwa hivi, aniandikie hapa alidai vipi akalipwa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mlangoni pake, zile pedi na kile kipande cha waya nimevifunga kwenye kitambaa.