Tumepigwa: SFP za "kilomita 40" ambazo ndani yake ni za kilomita 10

Wakuu, shikamooni mliotutangulia, na wengine mambo vipi.

Naandika nikiwa na hasira, nikiteleza lugha mnivumilie. Kwa wasiojua, SFP ni ile moduli ndogo ya kuchomeka kwenye swichi ya mtandao, inayotuma na kupokea mwanga kwenye faiba. Nipo kwenye kampuni ndogo ya intaneti mkoani, siyo Dar. Laini ikizima, bosi anapiga simu, mwenye hoteli anapiga simu, mkuu wa shule anapiga simu, na wote wanampigia mtu mmoja ambaye ni mimi.

Mwezi wa tatu tulikuwa tunapandisha kiungo chetu cha kati ya miji miwili kutoka kasi ya 1G (gigabiti moja kwa sekunde) kwenda 10G. Ni kilomita 34 za faiba nzuri, ya aina ya kawaida ya G.652D, na maungio yake nimeyasimamia mwenyewe. Umbali huo huweki moduli ya LR, maana hiyo imetengenezewa kilomita 10. Unaweka ER, yenye leza ya mawimbi ya nanomita 1550, inayofika 40. Nikamwambia bosi tuagize China kwa kiwanda tunachokijua. Akasema itachelewa, kuna duka Dar lina kila kitu, na wanatoa risiti ya EFD. Duka silitaji, mods wasije wakaufuta uzi. Tukanunua moduli 24: ER nane, LR kumi na mbili, na jozi mbili za BiDi, zile za kutuma na kupokea kwa uzi mmoja.

Mzigo ukaja kwa basi, umefungwa hadi raha. Kila moduli na kiboksi chake cha plastiki, stika inang'aa: 10GBASE-ER, 1550nm, 40km, na chini yake -40 hadi 85°C, yaani zile za kuhimili joto la kwenye minara. Fundi wangu kijana akasema, "Kaka, hizi ndiyo zenyewe." Na mimi nikaamini, sikatai.

Tukafunga usiku. Kiungo kikawaka, tukapongezana, tukala chipsi. Kesho yake saa saba mchana kikazima. Saa kumi na moja jioni kikarudi chenyewe. Keshokutwa hivyo hivyo. Nikatuma watu watembee njia nzima wakitafuta mahali faiba imebanwa au imechomwa na wachoma mashamba. Siku tatu, mafuta ya gari, posho, na hawakuona kitu. Wateja nao mnawajua. Tangu ile Mei 2024, EASSy na Seacom zilipokatika baharini siku ileile, nusu ya nchi ikabaki inatazama simu, kila mtu amekuwa mtaalamu wa nyaya za baharini. "Bado ni bahari?" Ningesema nini? Bahari iko mbali, tatizo liko kwenye kidude cha gramu ishirini.

Nikaanza kusoma moduli zenyewe. Kwa wasio wa fani: ndani ya SFP kuna kichipu kidogo cha kumbukumbu ambacho ndicho kinajitambulisha kwa swichi. Kinasema mimi ni wa kiwanda fulani, sirio yangu hii, mawimbi yangu haya, joto langu kiasi hiki, nguvu ya mwanga wangu kiasi hiki. Swichi inapokea maelezo hayo kama yalivyo. Zangu zilikuwa zinaonyesha nyuzi joto 35 saa kumi na mbili asubuhi, na nyuzi 35 saa nane mchana ndani ya kabati la bati ambalo mlango wake huwezi kuushika kwa kiganja. Nguvu ya mwanga wa kutoa, -2.00 dBm kwenye zote nane (kipimo hiki kikizidi kushuka chini ya sifuri, mwanga ni hafifu zaidi), hakuna hata moja iliyokosea kwa pointi. Na sirio namba? Nne zina namba moja! Mapacha wanne, wakuu, mama mmoja saa moja.

Nikaachana na swichi, nikachukua pawa mita, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga wenyewe. Moduli inatoa -1.9 dBm. Upande wa pili inapokelewa -15.3. Maana yake desibeli 13.4 zimepotea njiani. Nikasema basi faiba ni mbovu, nikazima kiungo usiku nikapitisha OTDR, mashine inayopima faiba inapoteza mwanga kiasi gani. Kwa 1550, faiba yangu inapoteza 8.6 tu. Nikabadilisha OTDR kwenda 1310: 13.2.

Hapo nikakaa chini kwenye ndoo ya rangi. Mwanga wa 1310 kwenye faiba hii ya kawaida hupotea kama desibeli 0.35 kwa kila kilomita, wa 1550 ni kama 0.2 na kitu. Kichipu unaweza kukiandika upya kikasema chochote, lakini kioo hakisomi stika. Zile hazikuwa ER hata siku moja. Ni LR, leza ya 1310, zimevalishwa jina. Na LR kwa kiwango chake inahakikishiwa kusikia mwanga hadi -14.4, chini ya hapo unaishi kwa huruma yake. Usiku kukiwa na baridi inajikongoja. Mchana kabati likichemka leza inafifia kidogo tu, kwisha. Nina hakika hata ile -40 hadi 85 ni uongo, ni moduli za kawaida za nyuzi 0 hadi 70.

Nikasafiri hadi Dar na pawa mita kwenye begi. Jamaa wa kaunta akanipokea vizuri tu, soda ikaja. Nikamweleza. Jibu la kwanza: "Mkubwa, hiyo ni swichi yako haizikubali." Nikamwambia swichi imezikubali, ndiyo shida yenyewe. Jibu la pili: "Mbona wengine hawalalamiki?" Nikaomba anitolee ER nyingine kwenye shelfu nipime palepale mbele yake. Akaenda nyuma, akakaa kama dakika ishirini, akarudi na risiti yangu akanionyesha mhuri: mali ikishauzwa hairudishwi. Halafu akashusha sauti, kama ananisaidia: niongeze pesa kidogo anipe "zile zenyewe zenyewe". Kwa hiyo zenyewe zipo! Unajua tofauti, na ukanipa hizi!

Ndicho kinachoniuma. Huyu hakupigwa na mchina akaja kunipiga mimi bila kujua. LR ya kawaida kutoka Shenzhen ni dola kumi na kitu, haizidi ishirini. ER ya kweli ina leza ya gharama, yenye kipoza ndani ili mawimbi yasihame, bei yake ni mara kadhaa. Ukiandika upya kichipu na kuchapisha stika, faida yote hiyo ni ya kwako, na mnunuzi wa mkoani hana kifaa cha kujua. Wala mzigo siyo kisingizio. Moduli hamsini hazifiki kilo mbili, zinapanda ndege na begi la nguo. VAT ni asilimia 18, tunaijua, tunailipa. Hiyo bei nyingine mnayotupiga ni ya nini?

Niseme jambo moja kabla hamjanirukia: sina ugomvi na kuandika upya kichipu. Hata mimi ninacho kile kiboksi cha kuprogramu, na ninakitumia. Viwanda vikubwa vimekubaliana umbo na umeme wa SFP ili ziingiliane, halafu baadhi yao wakaweka kufuli kwenye programu ya swichi ili ununue moduli yenye jina lao kwa bei ya pikipiki. Kufungua kufuli hilo kwa moduli nzima ya kilomita 10 inayojiita ya kilomita 10, hakuna aliyeibiwa. Kuigeuza ya kilomita 10 iitwe ya 40 ni wizi, usiniletee habari za "compatible".

Zile BiDi sizungumzii sana, zinachekesha. Hizi hutumia uzi mmoja, kwa hiyo upande mmoja hutuma kwa mawimbi fulani na kupokea kwa mengine, mwingine kinyume chake. Jozi zote mbili nilizopewa ni upande uleule. Viziwi wawili wanaambiana habari za asubuhi.

LR kumi na mbili nilizonunua kama LR, tisa zinafanya kazi. Tatu zimekufa kabla ya miezi miwili.

NYONGEZA: Mkuu aliyeuliza kwa nini sikupima kabla ya kufunga, una haki, nimekosea na bosi ameshanikata. Sasa hivi moduli haitoki stoo bila kuwekwa kwenye pawa mita na kuachwa inawaka siku nzima, kisha nasoma joto lake mara tatu. Likiwa halibadiliki, inarudi ilikotoka.

NYONGEZA 2: Mnaoniambia PM nitaje duka, sitaji hata huko, bosi anataka kwenda kwa mwanasheria. Ila fanyeni hivi. Ingieni kwenye swichi zenu, someni sirio za ER mlizonunua mwaka huu, kisha mlete hapa tarakimu tatu za mwisho. Wale mapacha wangu wanne wanaishia na 117. Nataka nijue wamezaliwa wangapi.