Siku nne za kutembelea vijiji vya Suffolk: nianzie wapi?

Mkazi wa Jinja

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mwezi wa Mei, Mungu akipenda, nitakwenda Uingereza kumtembelea binti yangu anayesoma Ipswich, na kuna siku nne ambazo yeye atakuwa kwenye mitihani. London nilishaiona. Safari hii natamani kuviona vijiji vya mkoa huo wa Suffolk, vyenye zile nyumba za kale zilizopinda ambazo binti yangu hunitumia picha zake. Sina gari. Naomba mwenye kuvifahamu anieleze nianzie wapi, na kama mtu wa miaka 58 anaweza kuvifikia kwa treni, basi na miguu.

Mwalimu wa Bombo

Wa aleikum salaam, dada. Nilisoma mwaka mmoja Colchester, karibu na Suffolk, na vijiji hivyo nilivizunguka kila nilipopata nafasi. Nakusihi usijaribu kuviona vyote. Lala Lavenham usiku mbili, kwa sababu uzuri wake huonekana asubuhi na mapema, kabla wageni wa mchana hawajafika.

Lavenham ilitajirika kwa kufuma vitambaa vya sufu, hasa vya rangi ya buluu, na katika karne ya 15 na ya 16 matajiri wake walijenga nyumba nzuri na kanisa lenye mnara wa mita 43 hivi. Biashara ilipoanguka, watu hawakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya, ndiyo maana nyumba hizo zimesalia hadi leo.

Treni ya Ipswich kuelekea London itakufikisha Marks Tey, pengine kwa kubadilisha Colchester, na hapo kuna reli ndogo ya kwenda Sudbury, ambako utapanda basi. Kutoka Lavenham unaweza kutembea hadi Long Melford, sehemu ya njia ikiwa kwenye reli ya zamani iliyoacha kubeba abiria mwaka 1961. Ni mwendo wa saa mbili hivi.

Seremala wa Arua

Nyongeza kwa Mwalimu. Mimi nilipelekwa huko na mwenyeji wangu mwaka 2019, na nilichokiona kwenye kuta kilinigusa sana. Nyumba zile ni za miti na udongo, dada yangu! Katika nyumba moja ukuta umeachwa wazi kidogo ili wageni waone ndani yake: fito zimesukwa kati ya nguzo, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi, kisha juu yake chokaa, vilevile alivyokandika marehemu babu yangu. Tofauti ni nguzo, ambazo ni za mwaloni uliochongwa ukiwa bado mbichi na kuungwa kwa ndimi na vigingi vya mti. Mti huo hujikunja ukikauka, na ndiyo sababu mojawapo ya nyumba hizo kupinda. Tazama kwenye viungo utakuta alama ndogo zilizochongwa na mafundi ili wajue kipande kipi kinaingia wapi. Niliweka kidole changu kwenye alama mojawapo nikakaa kimya.

Kersey nayo usiikose, japo utahitaji teksi: kijito hukatiza barabara kuu, magari hupita majini, na waendao kwa miguu wana kidaraja chao pembeni.

Mkazi wa Jinja

Nawashukuru kutoka moyoni. Je, siku ya mwisho, ambayo ni Jumapili, niitumie vipi?

Mwalimu wa Bombo

Jumapili usitegemee basi la vijijini. Mimi niliwahi kukwama hadi usiku. Rudi Ipswich Jumamosi, na Jumapili panda treni hadi Manningtree, kisha fuata mto Stour kwa miguu hadi Flatford, kwenye kinu ambacho kilikuwa cha baba yake mchoraji John Constable, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji jirani cha East Bergholt. Ukipanda hadi kijijini, utaona kengele za kanisa zikiwa chini uani, ndani ya kibanda cha mbao kilichojengwa mwaka 1531 kwa kuwa mnara haukukamilika, na waumini huzipiga kwa kuzisukuma kwa mikono. Njia ya mtoni hupita kwenye malisho ya ng'ombe, basi vaa viatu vya matope, na kila geti utakalolifungua ulifunge nyuma yako.