Naomba ushauri: boti ndogo ya kuvua, nianze kununua nini?

Wakuu, habari zenu. Nimenunua boti ya faiba iliyotumika, futi 19, na mashine ya Yamaha 40. Si ya biashara, ni ya kwenda kuvua mshipi Jumapili na wanangu, tunatokea Kunduchi, Dar es Salaam, hadi nyuma ya kisiwa cha Mbudya.

Juzi mashine ilizima tukiwa na changu watatu na kolekole mmoja. Kufungua kichujio cha mafuta, maji yamejaa chini, petroli inaelea juu. Tukapiga kasia saa nzima, upepo wa kusi unatusukuma pembeni, mdogo anatapika. Mama yao bado hajasimuliwa yote.

Sasa, ninunue mashine ya akiba, hata ya hosipawa 5, au hela iende kwanza kwenye redio ya VHF (ya mawasiliano baharini) na jaketi za kuokolea? Zilizopo sponji imeshakufa. Halafu nanga yangu ya makucha inanasa kwenye mwamba kila safari, nimeshakata kamba mbili. Wavuvi wa pale wanafunga jiwe tu, nami nilikuwa nawacheka.

Na maji kwenye tangi la plastiki mnayazuiaje? Kifuniko nimebadilisha, bado yanaingia.