Kupe aking'ang'ania ngozini, na papasi wa ndani

Wakuu, kupe akishauma, ni kweli apakwe mafuta ya taa ili aachie? Na hawa wanaouma usiku kwenye nyumba ya udongo?

— Usimpake kitu, wala usimchome! Akisumbuliwa huweza kutema mate yenye vimelea kidondani. Mbane kwa kibano chembamba kichwani, karibu kabisa na ngozi, vuta juu taratibu bila kuzungusha. Tumbo usiliguse. Osha kwa sabuni.

— Wa usiku ni papasi, ndugu, aina ya kupe laini wa ndani ya nyumba. Hunyonya kwa dakika chache kisha hurudi kwenye nyufa, ndiyo maana asubuhi humwoni. Ziba nyufa, sakafu ipigwe saruji, usilale chini.

— Homa ikiondoka ikarudi baada ya siku kadhaa, omba damu ipimwe kwa hadubini. Homa ya papasi, inayoletwa na kuumwa nao, mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria, na kwa mjamzito ni hatari sana.