Ukoo wa Mzee Kombo: maji ya waipa yameganda

*Jumamosi jioni*

Rehema (Minneapolis): Shikamooni wakubwa. Ba'mdogo, uko hewani? Gari limenigomea maji ya waipa. Nikibonyeza nasikia pampu inanguruma tu, hakitoki kitu. Kioo cha mbele cheupe chote kwa chumvi ya barabarani. Nimetoka kazini nachungulia kwenye kijisehemu kama kiganja.

Ba'mdogo Hamisi: Marahaba mwanangu. Kwanza acha kubonyeza. Maji yakishakuwa barafu pampu haina cha kusukuma, utaunguza fyuzi au mota yenyewe. Umefika nyumbani?

Rehema: Nimefika, alhamdulillahi. Nje ni 23 chini ya sifuri, Selsiasi hizo.

Shangazi Mwanaidi (Columbus): Pole mwanangu. Usitoke tena usiku huu na kioo hicho.

Omari (Leeds): Shikamooni. Pole dada. Huku kwetu ni 1 chini ya sifuri na ofisini watu wanalalamika tangu asubuhi.

Rehema: Asanteni. Sasa nimeona video, mtu anatengeneza mwenyewe nyumbani. Spiriti ya kusafishia vidonda kikombe kimoja, maji vikombe vitatu, na matone ya sabuni ya vyombo. Spiriti ninayo, ile ya asilimia 70. Nichanganye?

Ba'mdogo Hamisi: Usichanganye hivyo. Subiri niegeshe lori niandike vizuri.

Njeri (St. Paul): Hamjambo nyote. Wifi, hiyo video hata mimi nimetumiwa, imezunguka kila mahali.

Ba'mdogo Hamisi: Haya. Rehema, kinachozuia kuganda hapo ni spiriti peke yake. Sabuni inaondoa uchafu, basi. Sasa piga hesabu. Chupa yako ya 70 si spiriti tupu, katika kila vikombe kumi vitatu tayari ni maji. Ukiongeza maji mara tatu unabakiwa na spiriti kama asilimia 17. Mchanganyiko huo unaganda kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri. Kwa mtu wa Texas au Georgia unatosha, naye hajadanganya mtu. Kwako wewe utakuwa barafu usiku huu huu.

Ba'mdogo Hamisi: Spiriti ya aina hiyo, aisopropili, ina ngazi zake. Ikiwa asilimia 30 kwenye mchanganyiko, unaganda kwenye 15 chini ya sifuri. Ikiwa 50, kwenye 21. Ikiwa 70, kwenye 29. Unaona? Chupa yako ukiimimina ilivyo, bila kuongeza hata tone la maji, ndiyo inafika 29. Leo ni 23. Kwa hiyo hakuna nafasi ya kuongeza maji.

Omari: Kumbe hata nusu kwa nusu haitoshi?

Ba'mdogo Hamisi: Nusu kwa nusu ya ile ya 70 ni 35. Inaganda kwenye 16 au 17. Hapa Minnesota mwezi Januari hiyo ni baridi ya kawaida tu. Mwenye chupa ya 91 ndiye anayeweza kuongeza maji: chupa tatu za spiriti, chupa moja ya maji, anapata 68, karibu 28 chini ya sifuri.

Rehema: Basi ninunue ya 91.

Ba'mdogo Hamisi: Hesabu tena, sasa ya pesa. Galoni moja ni chupa 8 ndogo za dukani, zile za mililita 473. Utahitaji 6 za spiriti na 2 za maji. Bei ya chupa 6 inanunua galoni kadhaa za maji ya bluu yaliyo tayari, na yameandikwa kabisa yanavumilia baridi gani. Mimi sikatazi mtu kutengeneza. Ukikwama mahali na duka limefungwa, spiriti inakuokoa. Ila kusema utaokoa pesa, hapana, kwenye baridi hii huokoi.

Njeri: Ba'mdogo, na galoni hizo zina mambo yake. Kuna inayoandikwa 32 kwa herufi kubwa mbele, mtu akadhani 32 ni nguvu nyingi.

Ba'mdogo Hamisi: Ahsante mwanangu, umenikumbusha jambo kubwa. Hizo ni Farenhaiti. 32 ya Farenhaiti ndiyo sifuri yetu, maana yake ni maji ya kiangazi, yanaganda kama maji ya bomba. Unayotaka ni yenye alama ya kutoa: -20F, ambayo ni 29 chini ya sifuri. Rehema, hilo gari limetoka wapi?

Rehema: Nimelinunua Novemba kwa mtu. Lilikuja na maji humo humo, ya kijani.

Ba'mdogo Hamisi: Huenda ni ya kiangazi, au aliongeza maji ya bomba. Kwa vyovyote yatoke yote kabla hujatia mapya. Ukimimina -20F juu ya nusu tangi ya maji ya kawaida, ile -20F uliyoilipia haipo tena, umeizimua.

Shangazi Mwanaidi: Hamisi, umemaliza ya baridi? Mimi nina langu, na naomba kila mwenye mtoto alisome.

Ba'mdogo Hamisi: Sema dada.

Shangazi Mwanaidi: Hayo maji ya bluu ya hapa Marekani mengi yametengenezwa kwa methanoli, aina ya pombe isiyonyweka. Ni bei rahisi na haigandi upesi, ndiyo maana wanaitumia. Lakini ni sumu kali. Ikiingia mwilini, ini linaigeuza kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa macho. Vijiko vichache vinaweza kumpofusha mtu mzima au kumuua. Kwa mtoto hata funda moja ni la hatari. Na rangi yake ni ile ile ya vinywaji vya wachezaji.

Shangazi Mwanaidi: Baya zaidi, haionyeshi mara moja. Mtu anaonekana kama amelewa kidogo, analala, mnasema amechoka. Saa 12 baadaye, wakati mwingine 24, ndipo anaanza kusema haoni vizuri. Wagonjwa wengine wanasema wanaona weupe mtupu, kama wamesimama katikati ya theluji. Hospitali dawa yake ipo, fomepizoli, lakini inataka muwahi. Msisubiri dalili. Namba ya sumu kwa Marekani yote ni 1-800-222-1222, bure, saa 24, na ukiomba mkalimani wa Kiswahili unatafutiwa. Mtu akianguka au akashindwa kupumua, 911.

Njeri: Shangazi, sisi wa Nairobi methanoli tunaijua. Novemba 2000 watu walikunywa kumi kumi kule Mukuru, pombe ilikuwa imetiwa methanoli. Walikufa zaidi ya 100, na wengine wakatoka hospitali hawaoni tena. Nilikuwa msichana wa shule, lakini naikumbuka ile redio. Sikujua kwamba ndiyo kitu hicho hicho ninachomimina kwenye gari.

Shangazi Mwanaidi: Ndicho hicho hicho.

Omari: Huku Ulaya wameibana. Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni mwaka 2018 kwamba maji ya kioo yanayouzwa kwa watu wa kawaida yasifike asilimia 0.6 ya methanoli, ikaanza kutumika Mei 2019. Mengi sasa ni ya ethanoli, ile pombe ya kawaida.

Shangazi Mwanaidi: Na afadhali. Kwa hiyo Rehema, na wewe Njeri mwenye wadogo: galoni ikae kwenye chombo chake chenye maandishi, juu, kizibo kimekazwa. Usimimine kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa dakika moja. Ukichanganya spiriti, fungua dirisha na uwe mbali na jiko, mvuke wake unashika moto. Na mtu asithubutu kununua methanoli kuchanganya nyumbani. Kuna vichupa vinauzwa kwa ajili ya kuondoa maji kwenye tangi la petroli, vingine ni methanoli tupu. Hivyo visiguswe kwa kazi hii.

Zuhura (Tanga): Bibi yupo hapa, nimemsomea zote. Anauliza, kwa nini Rehema asimwagie tu maji ya moto kwenye kioo?

Ba'mdogo Hamisi: Mwambie mama shikamoo. Maji ya moto kwenye kioo chenye baridi ya namna hii yanakipasua. Kioo kinatanuka upande mmoja, upande mwingine bado umejikunja, kinalia paa. Kikiwa na kijiwe kimekipiga zamani ndiyo kabisa.

Zuhura: Anasema marahaba, na Mungu awafunike. Anauliza tena, siki je?

Ba'mdogo Hamisi: Siki nayo ni maji kwa sehemu kubwa, asidi ni 5 tu katika 100. Inaganda kwenye 2 chini ya sifuri. Kwa kung'arisha kioo wakati wa joto ni nzuri, kwa baridi haisaidii kitu.

Omari: Na kulanti ya rejeta, ile ya kupoza injini? Hiyo si imetengenezwa isigande?

Ba'mdogo Hamisi: Usitie kabisa. Inaacha mafuta mafuta kwenye kioo, waipa inayapaka tu, na usiku taa za magari yanayokuja zinatawanyika huoni mbele. Tena ni sumu, na paka na mbwa wanailamba. Sabuni ikizidi nayo inaacha utando wa namna hiyo, ndiyo maana ni matone machache kwa galoni nzima.

Omari: Mimi nilitaka kutumia spiriti ya famasi ya hapa Uingereza.

Shangazi Mwanaidi: Ya kwenu ina mafuta ya mbarika ndani yake, yamewekwa kwa ajili ya ngozi. Soma kibandiko. Kwenye kioo ni utando mtupu. Nunua maji ya waipa mazito ya dukani uyazimue kama walivyoandika. Na usiendeshe na maji matupu hata wakati wa joto. Mwaka 2010 watafiti wa afya wa Uingereza waliona madereva wanaotumia maji matupu kwenye tangi hilo wanapata zaidi homa ya mapafu ya lejonela. Bakteria wake wanazaliana kwenye maji ya vuguvugu yaliyotuama, ukirusha unavuta ule mvuke.

Omari: Nimekuelewa mama. Kesho nanunua.

Njeri: Wifi, lete gari kwetu asubuhi. Gereji ina joto, likae humo saa kadhaa barafu iyeyuke.

Ba'mdogo Hamisi: Hapo sawa. Ila Rehema, njia nzima usipande barabara kuu, pita mitaani polepole, na kabla ya kutoka futa kioo kwa kitambaa chenye ile spiriti yako ya 70. Chumvi itatoka.

*Jumapili*

Rehema: Shikamooni. Imeyeyuka. Kaka amerusha mpaka tangi limekauka, yametoka ya kijani iliyofifia, karibu maji tu. Tumetia ya -20F.

Ba'mdogo Hamisi: Marahaba. Mmerusha tena baada ya kutia? Mpira unaopanda kutoka tangini hadi kwenye vitundu umebaki na maji ya zamani. Usipoyasukuma yote, tangi litakuwa zima na mpira umeganda.

Rehema: Tumerusha sasa hivi, mpaka ikatoka bluu tupu pande zote mbili.

Ba'mdogo Hamisi: Vizuri sana. Jambo la mwisho: ukiwa mbioni usirushe kwenye kioo cha baridi. Upepo unaikausha ile pombe kwanza, yanabaki maji, yanaganda pale pale na huoni kitu. Washa hita ielekee kioo, kiwe vuguvugu, ndipo urushe. Na ukiwa nyuma ya lori linalorusha tope la chumvi, ongeza nafasi, usishindane nalo kwa waipa. Galoni ya pili iwe kwenye buti, siku za chumvi moja haifiki mbali.

Shangazi Mwanaidi: Nitumie picha ya kibandiko.

Rehema: Hii hapa shangazi.

Shangazi Mwanaidi: Nimeiona, -20F, na nyuma wameandika methanoli. Hiyo ya kwenye buti iweke isimame wima na kizibo ukikaze kwa mkono, na kiti cha mtoto wa Njeri ukikibeba, galoni isikae karibu nacho.

Njeri: Nimeitoa kule tayari, iko juu ya kabati la gereji mpaka wifi aondoke.