Kingo za mawimbi kwenye kadi: nundu ya kona inabaki nusu, mabonde yanachanika

kadi_sinza

Habari zenu wadau. Kuna kadi 100 za sendofu zinatakiwa ziwe na kingo za mawimbi pande zote nne, yale ya nusu duara yanayofuatana kama ukingo wa kitambaa cha meza. Kadi ni A6, yaani milimita 148 kwa 105, karatasi ya gramu 250 rangi ya maziwa. Pateni, yaani kigezo cha kuchorea, imechorwa kwa duara la kipenyo cha milimita 12.

Shida ni tatu. Nundu hazigawanyiki: upande mrefu zinaingia 12 na kubaki milimita 4, upande mfupi zinaingia 8 na kubaki milimita 9, kwa hiyo kila kona ina kinundu kilichokatika. Halafu kwenye bonde, kati ya nundu na nundu, mkasi unachana karatasi. Na kikishabandikwa kikaratasi cha maandishi juu, kadi inajikunja kama papadi. Mkasi wa mawimbi na panchi ya ukingo (kile kifaa cha kubonyeza kinachotoboa pambo ukingoni) vyote vipo, ila navyo kona zinagoma. Nianzie wapi?

fundi_karatasi

Mkuu, kosa lipo kwenye mpangilio, mkono wako hauna neno. Umekata kadi kwanza ndipo ukatafuta nundu za kuienea. Geuza: panga nundu kwanza, ukubwa wa kadi utoke humo.

Usipime kuanzia ukingoni. Chora mstatili wa ndani, kisha vituo vya maduara vikae juu ya mistari yake, na kila kona ya mstatili iwe kituo cha duara. Hapo kona inapata nundu nzima ya mviringo, na pande mbili zinakutana bila ugomvi. Kwa kadi yako weka mstatili wa milimita 132 kwa 84. Tia alama kila milimita 12: upande mrefu unapata vituo 12, mfupi vituo 8, ukihesabu na kona. Jumla nundu 36.

Sasa bikari. Usiweke nusu kipenyo cha milimita 6, weka 7. Hili ndilo wengi hawalijui. Duara likilingana sawasawa na nafasi kati ya vituo, bonde linashuka milimita 6 nzima na mwisho wake ni ufa mwembamba ambao mkasi hauwezi kuingia na kutoka salama. Ukiongeza duara hadi kipenyo cha milimita 14 na vituo vikabaki kwenye 12, maduara yanapandana kidogo, na bonde linashuka milimita 3.4 tu. Jicho bado linaona wimbi, mkasi unapumua.

Kadi yako itakuwa milimita 146 kwa 98. Karatasi moja ya A4 inatoa vipande vinne, kwa hiyo kadi 100 ni karatasi 25. Nunua 28 kwa ajili ya majaribio na zitakazoharibika. Inaingia vizuri kwenye bahasha ya C6.

Kama mwenye shughuli anang'ang'ania A6 kamili, tumia duara la milimita 15. Mstatili wa ndani utakuwa 133 kwa 90; upande mrefu ugawe mara 10, mfupi mara 7. Nafasi zitakuwa 13.3 na 12.9 hivi. Tofauti haifiki nusu milimita, hakuna atakayeiona.

mama_pateni

Hesabu za fundi hapo juu ni sahihi. Mimi niongezee upande wa kukata.

Pateni iwe moja tu, ya plastiki ngumu kama jalada la faili. Manila inalika kingo baada ya kadi kumi, na nundu zinaanza kunenepa kwa sababu penseli inakaa mbali na ukingo halisi. Chora upande wa nyuma wa kadi, penseli nyepesi, ili usihangaike na kifutio upande wa mbele.

Mkasi uwe mdogo, makali ya sentimita 4 au 5, ncha nyembamba. Usikate wimbi zima kwa mwendo mmoja ukishuka bondeni na kupanda tena, maana pale chini unalazimika kugeuza mkasi ndani ya karatasi, na ndipo inapochanika. Anza na mikato mifupi iliyonyooka: kutoka nje hadi kwenye kila bonde, ncha ya mkasi iishie pale pale mistari miwili inapokutana, isivuke. Zunguka kadi nzima hivyo. Kisha rudi ukate nundu moja moja, kutoka mkato huu hadi unaofuata. Kipande cha taka kinadondoka chenyewe. Mkono wa mkasi utulie, mkono mwingine ndio uzungushe karatasi.

Nyuzi zikitoka bondeni kama manyoya, angalia mambo mawili. Ama mkasi ni butu, ama karatasi imelala kwenye unyevu. Kwa Dar wakati wa masika karatasi iliyoachwa wazi usiku mmoja inalegea, inakatika kama kitambaa. Ihifadhi ndani ya nailoni iliyofungwa, ikiwa imelazwa, na utoe zile za kazi ya siku hiyo tu.

Kujikunja kunatokana na gundi. Gundi nyeupe ya maji inalowesha upande mmoja, nyuzi zinavimba, zikikauka zinasinyaa na kuvuta kadi. Tumia solotepu ya pande mbili, vipande vinne karibu na kingo za kikaratasi cha maandishi. Angalia pia mwelekeo wa nyuzi: pinda karatasi taratibu kwa urefu, halafu kwa upana, bila kuikunja. Inakopinda kirahisi, nyuzi zinaenda sambamba na mkunjo huo. Karatasi ya juu na ya chini zielekee upande mmoja, la sivyo kila moja itatanuka kivyake hali ya hewa ikibadilika.

Hicho kikaratasi cha juu kikate milimita 133 kwa 85. Kinabakiza milimita 3 kati yake na chini ya mabonde. Kikiwa kikubwa zaidi, mawimbi yanaonekana kama makosa ya mkasi na si pambo.

kona_nne

Kuhusu vifaa ulivyonavyo. Mkasi wa mawimbi usiufunge hadi mwisho. Ukifika kama sentimita moja kabla ya ncha, simama, fungua, kisha laza wimbi la mwisho ulilokata ndani ya meno ya mkasi ndipo uendelee. Ukiufunga wote, ncha inaacha kijino kisicho cha pateni. Usiugeuze mkasi juu chini katikati ya kazi, nundu zitageuka mabonde. Na anza kutoka kona mbili kuja katikati, ili tofauti ikibaki iangukie katikati ambako maua au utepe utaifunika.

Panchi ya ukingo, ishike juu chini ili uone karatasi inapokaa. Kwenye kitako chake kuna mchoro wa pateni. Tundu la mwisho lililotobolewa lazima lilale juu ya mchoro huo kabla hujabonyeza tena. Gramu 250 kwa panchi nyingi ni nzito, inakwama. Ikianza kung'ang'ania, toboa foili ya jikoni iliyokunjwa mara tatu au nne, mara kadhaa, makali yanarudi. Ikikwama bila kuwa butu, toboa karatasi yenye nta.

Ila mimi sikubaliani na kukata kadi 100 kwa mkono. Nundu 36 mara 100 ni nundu 3,600. Tafuta mwenye mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta, kama Cricut au Silhouette. Chora duara la milimita 14, lirudie kila milimita 12 kuzunguka mstatili, halafu unganisha maduara yote na mstatili kuwa umbo moja. Usipoyaunganisha, mashine itafuata kila duara mzima mzima na kukukatia kadi vipande. Jaribu kwanza kwenye kipande cha karatasi ile ile.

mama_pateni

Mashine ni sawa kama ipo karibu na bei inakubalika. Isipokuwepo, punguza kazi badala ya kuharakisha mkono: weka mawimbi pande mbili fupi tu, juu na chini. Ni nundu 16 kwa kadi, jumla 1,600, na kadi bado inapendeza. Mkono uliochoka ndio unaovuka bonde.

kadi_sinza

Shukrani sana. Pateni mpya ya 146 kwa 98 imekubali, kona zote nne ni za mviringo. Swali moja limebaki: kadi za meza kuu, 10, ni za kukunja. Mawimbi yapite wapi?

fundi_karatasi

Upande wa mkunjo uache umenyooka, ukiutia mawimbi kadi haina pa kushikilia. Weka mawimbi kwenye ukingo wa mbele unaofunguka tu, na usikate kurasa mbili kwa pamoja. Gramu 250 mara mbili zinateleza ndani ya mkasi na nundu za nyuma hazifanani na za mbele. Ukurasa wa nyuma uache mnyoofu, ulingane na ncha za nundu. Upande wake wa ndani bandika ukanda wa rangi ya sare ya shughuli, upana milimita 12, uguse ukingo. Kadi ikiwa imefungwa, rangi hiyo itaonekana kwenye mabonde peke yake. Mstari wa kukunja ukwaruze kwanza kwa rula na kalamu ya wino iliyokwisha, na uende sambamba na nyuzi, la sivyo karatasi inapasuka mgongoni.