Fomu ya PP1, ripoti ya EARC na lugha ya nyumbani

Kutoka: Mama, South B
Ndugu zangu Watanzania mlioko Nairobi, salaam. Jana nilirudishwa na fomu ya PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) ya mwanangu wa miaka 3 na miezi 8, kwa kuwa penye lugha ya nyumbani niliandika Kiswahili, na mtoto alipoulizwa jina lake kwa Kiingereza alijificha nyuma yangu. Karani alinishauri tuache Kiswahili nyumbani, kisha akataka ripoti ya EARC, kituo cha serikali cha kuwapima watoto mahitaji yao ya kielimu, kabla ya Ijumaa. Je, ripoti ya mtaalamu wa tiba ya usemi wa hospitali binafsi itakubaliwa?

Kutoka: Baba, Kayole
Pole sana, dada. Nasi tuliambiwa hivyo hivyo kuhusu binti yetu, tukatii, na kwa muhula mzima mtoto akanyamaza katika lugha zote mbili. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba bibi yake wa Pangani ya Tanga akimtegea kitendawili kwa simu, mtoto hajui hata kuitikia "tega". Alipopimwa, yalihesabiwa maneno yake ya Kiingereza tu, ilhali mtoto wa lugha mbili hupimwa kwa jumla ya maneno anayoyajua katika zote mbili. Usiende popote, mtoto wako ni mzima.

Kutoka: Mwalimu wa chekechea, Eastleigh
Kaka, hilo la mwisho si la kumwambia mzazi ambaye mtoto wake hujamwona. Kukua na lugha mbili hakumcheleweshi mtoto kusema, lakini aliyetimiza miaka 2 bila kuunganisha maneno mawili katika lugha yoyote anahitaji kuchunguzwa, kwanza masikio. Dada, jambo la kutazama ni jinsi mwanao anavyojenga kitenzi. Mwanaisimu Kamil Ud Deen aliwarekodi watoto wadogo wa hapa hapa Nairobi, akaona kwamba mara nyingi huangusha kiambishi cha nafsi, au cha wakati, au vyote viwili: badala ya "ninataka" mtoto husema "nataka", au "taka" tu. Huko si kuharibika kwa lugha. Ni hatua ya kuijenga.

Kutoka: Shangazi, Pangani Estate
Mwalimu, "nataka" husemwa na sisi wakubwa kila siku, kwa hiyo mfano huo hauthibitishi lolote. Hofu yangu ni "kitabu yangu" ya mpwa wangu, ambayo Tanga ingekemewa na mtaa mzima.

Kutoka: Mwalimu wa chekechea, Eastleigh
Nakubali kuhusu mfano, shangazi. Ila "kitabu yangu" anaisikia kwa wakubwa wanaomzunguka, na mtoto huijenga lugha kwa anayoyasikia.

Kutoka: Baba, Kayole
Karani huyo angesoma Ripoti ya Gachathi ya 1976 kuhusu elimu ya Kenya, iliyopendekeza madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Miaka yote hiyo, na bado mzazi anaombwa kumnyima mtoto lugha ya mama yake!

Kutoka: Mama, South B
Nawashukuru wote. Usiku huu mwanangu amenikimbilia akisema, "Mama, maji memwagika," nami kwa mara ya kwanza nimesikia kiambishi kilichoanguka na kile kilichobaki. Hatutaacha Kiswahili. Kesho ni Ijumaa. Anayejua kuhusu ripoti ya hospitali binafsi tafadhali aniandikie.